Mvule Ulioanguka Bila Kibali

Jamhuri ya Kijanini usiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zimefungiwa wizarani zisije zikachakaa. Yatosha kujua kwamba iko katikati ya bara, kwamba mvua haipiti bila kuisalimia, na kwamba ina msitu mkubwa kiasi kwamba viongozi wake wakienda kwenye mikutano ya ng'ambo hupewa viti vya mbele na chupa za maji baridi. Huko nchi yao huitwa Pafu la Dunia. Wananchi wakorofi hulitamka jina la nchi kama swali, "Kija-nini?", lakini wakorofi hawakosi popote, nasi tuendelee na habari yetu.

Pembeni mwa mji mdogo wa Lisembe, katika jamhuri hiyo, alikufa mzee mmoja aliyeitwa Lubunga. Tangu ujanani alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuivaa kofia ya kazi. Alikufa mchana, ameketi barazani, akimngoja binti yake Tulinabo amletee chai. Tulinabo alipotoka na kikombe alidhani baba amesinzia. Akakiweka chini taratibu, akarudi ndani kwa kunyata asimwamshe. Baadaye hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote, kwamba alimnyatia mtu ambaye hata ngoma isingemwamsha.

Tulinabo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti nzito, sauti iliyonyamazisha darasa zima bila fimbo. Siku ya kifo ile sauti haikutoka. Ilitoka kesho yake, Wakenge seremala alipofika na futi yake kuuliza jeneza litakuwa la nini.

"La mvule," alisema Tulinabo. "Ule ulioanguka nyuma ya nyumba. Baba alikwisha sema."

Kweli alikwisha sema, na alikuwa na sababu. Lisembe, mji uliozungukwa na msitu pande zote, haukuwa na duka hata moja la kuuza ubao. Mbao zote zilikwenda ng'ambo. Zilizorudi zilikuwa zimesagwa unga, zikagandishwa kwa gundi, zikabandikwa juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Mama Sikuzani, jirani yao, alizikwa ndani ya kabati la namna hiyo, limelazwa chali, milango juu, vishikio vyake vya rangi ya dhahabu vinameta. Mvua ikawakuta njiani. Kabati likaanza kulainika kama mkate kwenye chai, na wabebaji wakaimaliza safari kwa mbio, mchungaji mbele, wafiwa nyuma, kila mtu akiuimba wimbo wa maombolezo harakaharaka.

"Mimi msinitie katika mkate," Mzee Lubunga alimwambia binti yake waliporudi makaburini. Na upepo wa masika ulipouangusha ule mvule mkubwa nyuma ya nyumba, mzee akiwa dirishani anautazama, alitoka akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza rafiki. "Huu hapa. Umeanguka wenyewe, hakuna aliyeukata. Siku yangu ikifika, nilazeni humu."

Basi Wakenge akavua shati, akautia msumeno.

Msumeno ulikuwa haujaingia hata unene wa kidole, Bisimwa akatokea. Bisimwa alikuwa mlinzi wa msitu aliyefunzwa kazi na marehemu mwenyewe, na jana yake alilia msibani mpaka ikabidi apewe kiti. Sasa alikuja amevaa sare, macho bado mekundu.

"Dada Tulinabo, pole tena na msiba," alisema. "Fundi, lete msumeno."

"Bisimwa, umerukwa na akili? Mti umeanguka!"

"Kuanguka ni jambo la kisheria, dada. Kwa sasa huu umelala tu. Mti uliolala ni mti uliosimama, mpaka Tume ithibitishe kwamba umeanguka. Baba ndiye aliyenifundisha kifungu hicho." Akajifuta machozi kwa mkono wa sare. "Na alivyokuwa akikieleza vizuri!"

Hapo likapita lori la magogo. Barabara ya kwenda bandarini ilipita mbele ya nyumba yao, na lori lilipokuwa likipanda mlima vikombe vya msibani viligongana, na watu wote walinyamaza kwa kuwa hakuna ambaye angesikika. Kila gogo lilikuwa nene kuliko mlango wa nyumba. Nyuma yake likaja lori jingine, kisha jingine.

"Na hayo je?" Tulinabo aliuliza vumbi lilipotulia.

"Yapi?"

"Magogo hayo, Bisimwa! Hayo yaliyopita mbele ya pua yako!"

Bisimwa aligeuka akaitazama barabara kwa upole, kama mtu aliyeombwa kutazama mawingu. "Dada, hayo si miti. Hayo ni maendeleo."

Akaubeba msumeno begani. Alipopita barazani aliwaachia wafiwa kilo ya sukari, rambirambi yake, akaenda zake akiwa anasikitika kweli.

Tulinabo hakuwa mtu wa kukaa kusikitika. Alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwenye Ofisi ya Misitu, Hewa Safi na Vizazi Vijavyo.

Ofisi hiyo iliheshimu miti kuliko ofisi yoyote nchini. Ndani yake hamkuwa na kipande cha mbao, ili wananchi waone mfano. Viti vilikuwa vya plastiki, meza ya plastiki, mlango wa chuma, na pembeni, ndani ya ndoo, ulisimama mti wa plastiki uliofutwa vumbi kila asubuhi. Mkuu wa ofisi, Bwana Kisembo, ambaye mji mzima ulimwita shefu, alikuwa mtu laini wa sauti na mikono. Hakuwahi kumfokea mtu. Waliotoka ofisini kwake walitoka wakishukuru, na walikuwa wamefika mtoni ndipo wakakumbuka kwamba hawakupewa kitu.

"Mwalimu, karibu. Baba yako alikuwa nguzo," alisema. "Kuhusu huo mti, hebu nikueleze kwa lugha nyepesi. Msitu wetu umesimama. Kwa kuwa umesimama, unavuta moshi wa viwanda vya wenzetu wa ng'ambo, nao wanatulipa ili uendelee kusimama. Hiyo ni biashara ya hewa. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, shefu."

"Vizuri sana. Sasa, taifa linataka barabara, linataka magari. Kwa hiyo msitu huohuo umekatwa, na kampuni imenunua magogo. Hiyo ni biashara ya mbao. Tuko pamoja?"

Tulinabo alifikiri kidogo. "Shefu, msitu umesimama au umekatwa?"

"Ndiyo," alisema Bwana Kisembo.

Nje lori lilipita, na mti wa plastiki ukatikisika ndani ya ndoo yake.

"Kwa hiyo unaona ugumu wa mti huo," Bwana Kisembo aliendelea. "Ukiwa umesimama, ni wa wanunuzi wa hewa, na ukiguswa mkataba wa kimataifa umevunjika. Ukiwa umeanguka, ni wa kampuni. Huo umelala nyuma ya nyumba bila kusema ni wa nani. Mti wa namna hiyo ni hatari kwa uchumi."

"Ni wetu. Uko nyuma ya nyumba yetu. Nimecheza chini yake tangu utoto."

"Mwalimu, hakuna mti wenu. Kuna mti mnaoishi karibu nao."

Tulinabo alihisi joto likimpanda shingoni. Akalishusha, kwa kuwa alikuwa amekuja kuomba. "Basi ipe Tume ruhusa ije leo. Jenereta la hospitali linazimika kila mara, na baba yuko mochwari."

"Tume itakuja. Nami nina habari njema zaidi." Bwana Kisembo aliinama mbele kama anayempa mtoto pipi. "Mwaka huu Siku ya Mti ya Kitaifa inafanyika hapa Lisembe. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja. Nimempendekezea baba yako nishani ya Shujaa wa Msitu. Kwa hiyo usimzike kwanza."

"Nisimzike?"

"Namaanisha usiharakishe. Nishani haivishwi kaburi."

"Shefu, jenereta..."

"Nitalitolea maelekezo." Naye akanyanyua simu palepale, akampigia mganga mkuu, akamwagiza kwamba jenereta la hospitali haliruhusiwi kuzimika mpaka msafara wa Mheshimiwa uondoke. Tulinabo alitoka akishukuru. Alikuwa amefika mtoni alipokumbuka.

Tume ya Kuthibitisha Maanguko ilikuja kwa gari refu lenye antena. Walikuwa mabingwa watatu. Wa kwanza alikuwa bingwa wa miti iliyosimama, wa pili bingwa wa miti iliyolala, na wa tatu kazi yake ilikuwa kuwasuluhisha hao wawili. Waliuzunguka mvule mikono nyuma. Bingwa wa kwanza alilala chini kifudifudi ili autazame kwa usawa, akainuka akasema kwamba kutoka pale alipokuwa, mti ulionekana umesimama kabisa.

"Uliangushwa na nini?" aliuliza msuluhishi.

"Upepo," alisema Tulinabo.

"Wa hapahapa, au uliotoka nchi jirani?"

"Sikuuomba pasipoti."

"Si jambo la mzaha, dada. Ukiwa upepo wa nje, inabidi tuwaite Mambo ya Nje. Nani aliuona ukianguka?"

"Baba."

"Vizuri. Aje tumhoji."

Tulinabo alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kalamu.

"Bwana, baba amekufa. Ndiye tunayetaka kumzika. Ndiyo maana mko hapa."

"Tunakupa pole. Lakini utaratibu unataka shahidi ahojiwe kabla ya kuzikwa, maana baada ya hapo inakuwa vigumu."

"Yuko mochwari! Hasemi!"

Mabingwa walisogea kando wakanong'onezana. Kisha msuluhishi akasoma uamuzi kwa sauti ya mahakama: kwa kuwa shahidi pekee amekataa kutoa ushirikiano, mti utaendelea kuwa chini ya uangalizi. Baada ya hapo walikaribia chakula cha msibani, wakala wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, wakaisifu sombe, wakaomba ya kubeba. Bibi mmoja aliyekuwa akipakua aliwafungia kwenye jani la mgomba, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Gari lilipoondoka, Tulinabo alikwenda nyuma ya nyumba peke yake. Aliupiga mvule teke. Mvule ulikuwa mgumu kama alivyosema baba yake, na kidole gumba kikavuja damu. Akaukalia, akakishika kile kidole, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Alilia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya chai iliyopoa, na zaidi kwa hasira, maana hakujua amkasirikie nani. Kila mtu alikuwa amempa pole.

Jenereta liliagizwa lisizimike, nalo likazimika. Mhudumu wa mochwari alimpigia Tulinabo simu asubuhi ya mkesha wa Siku ya Mti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kama una namna yoyote, fanya." Namna iliyokuwepo ilikuwa soko la samaki. Tulinabo alizunguka kwa wauza samaki, akawaeleza, nao wakampa barafu yao, na wengine walimsaidia kuibeba. Alishinda mchana kutwa akimpanga baba yake barafu ubavuni na miguuni, barafu yenye magamba ndani yake, akiyaokota magamba moja moja na kuyatupa ndooni. Alizungumza naye. Alimwambia kwamba kesho watampa nishani. Alidhani amemsikia akiguna, akajua ni barafu inayopasuka.

Aliporudi nyumbani jioni mvule haukuwepo.

Palikuwa na unga wa mbao, rundo la matawi, na shimo refu kwenye nyasi. Wakenge alikuwa amekaa juu ya kisiki, mikono imening'inia.

"Walikuja na msumeno wa injini," alisema. "Wa ofisi. Wamepasua palepale, mbao nzuri, dada, sijapata kuona mbao kama zile. Zina rangi ya asali."

"Nani?"

"Shefu Kisembo. Amesema ni dharura ya taifa. Jukwaa la Mheshimiwa halikuwa na mbao."

"Na kibali je?"

"Nilimuuliza. Amesema Mheshimiwa hahitaji kibali. Mheshimiwa ndiye kibali."

Tulinabo alifungua mdomo, na ile sauti nzito haikuja. Alikohoa. Alijaribu tena. Wakenge alimletea maji.

Siku ya Mti ilianza kwa vumbi la msafara, na vumbi lilipotua magari bado yalikuwa yanaingia. Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa mpira, ambao zamani ulikuwa msitu na ukageuka uwanja kwa namna isiyojulikana. Visiki vilivyobaki pembeni vilifunikwa vitambaa vya kijani na juu yake wakakalishwa wageni. Katikati lilisimama jukwaa jipya, pana, la rangi ya asali, na lilinukia mvule mbichi hadi huko nyuma waliposimama wanafunzi.

Mheshimiwa Waziri alipanda. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha ya kweli, na suti yake ilikuwa ya kijani kuanzia kola hadi soksi.

"Wana-Kijanini wenzangu!" alianza. "Wapo wanaosema msitu wetu unapungua. Watu hao wamekwenda msituni. Mimi nawauliza, msitu unatafutwa msituni? Msitu wa kweli uko hapa!" Akajipiga kifua, na kipaza sauti kikalia. Watu wakapiga makofi. "Serikali yenu haikulala. Wataalamu wetu wamejifungia hotelini, wakatafakari, wakauongeza msitu wetu maradufu bila kupanda hata mche mmoja. Wamefanyaje? Wamebadilisha maana ya neno msitu! Kuanzia leo, shamba la migomba ni msitu. Uwanja huu wenye nyasi ni msitu mchanga. Nyinyi wenyewe, mlivyosimama hapa wengi namna hii, wima, bila kusogea, ni nini?"

"Msitu!" waliitikia waliofundishwa kuitikia.

Mheshimiwa alishuka, akapewa sepetu yenye utepe, akapanda mche mmoja kwenye shimo lililochimbwa tayari. Mche wa waziri aliyemtangulia ulikuwa umeng'olewa hapo asubuhi, kwa heshima zote, ili kumpisha. Kisha akapanda tena jukwaani, na mshereheshaji akaita familia ya Shujaa wa Msitu.

Tulinabo alipanda ngazi akichechemea. Bwana Kisembo alimsogelea akamnong'oneza, "Sema asante tu, Mwalimu. Neno moja." Mheshimiwa alimpa sanduku dogo lenye nishani, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Tulinabo alitazama chini. Alizitambua mbao. Kwenye ubao mmoja palikuwa na alama ya msumeno wa Wakenge, unene wa kidole. Safari hii sauti ikaja yote, ile ya darasani.

"Mheshimiwa, umesimama juu ya jeneza la baba yangu."

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata lori lililokuwa likipanda mlima lilikuwa kati ya gia na gia.

"Baba yangu amelinda msitu huu maisha yake yote," Tulinabo alisema. "Aliomba mti mmoja, ulioanguka wenyewe. Tukanyimwa. Sasa amelala kwenye barafu ya samaki na nyinyi mnaukanyaga kwa viatu. Sitaki nishani. Nataka mbao."

Mheshimiwa Waziri alimtazama muda mrefu. Macho yake yakalowa. Kisha akapiga makofi, peke yake kwanza, halafu jukwaa zima likamfuata.

"Umesimama juu ya jeneza la baba yangu!" alirudia kwa kipaza sauti, akiyaonja yale maneno. "Mmemsikia? Yaani kila anayekanyaga ardhi bila kupanda mti, anakanyaga majeneza ya wazee wetu! Huyu mama ni mshairi! Kisembo, andika hilo. Litakuwa kaulimbiu ya mwakani."

"Si shairi!" alipaza sauti Tulinabo. "Ni mbao! Hizi hapa! Hizi!" Alipiga mguu chini, ule wenye kidole kibovu. Lakini bendi ilikuwa imeshaanza, na Mheshimiwa alikuwa anacheza, na mshereheshaji alimwongoza Tulinabo kwenye ngazi akimshika kiwiko kwa adabu kubwa. Chini aliwakuta walimu wenzake wanampongeza. Mmoja alimwomba amwandikie yale maneno.

Halafu mvua ikaja. Huko Kijanini mvua haichagui mgeni rasmi. Ilianguka kwa mkupuo, wageni wakakimbilia magari, vitambaa vya kijani vikapeperuka na visiki vikabaki uchi, na msafara ukaondoka kwa mwendo ambao haukuwa kwenye ratiba. Muda mfupi baadaye uwanjani hapakuwa na mtu ila Tulinabo, amesimama ameloa, anaitazama ile rangi ya asali.

Hakwenda kuomba popote. Alitoa kanga kichwani, akajifunga kiunoni, akaingiza vidole chini ya ubao wa kwanza, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena. Wakenge akaja mbio na nyundo na mtaimbo. Wakaja wauza samaki wa jana, wakaja wanawake wa msibani, na yule bibi wa sombe akiwa na jembe. Misumari ikaanza kulia.

Bisimwa alikuja pia, katika sare, ameloa chapachapa. Wote wakasimama.

"Bisimwa," Tulinabo alisema, "leo ukinigusa nitakung'ata."

Bisimwa alizitazama mbao, akautazama uwanja, akavitazama visiki. Kisha akageuka akawapa mgongo, akasimama wima kwenye mvua kama askari wa lindo.

"Mimi kazi yangu kulinda msitu," alisema bila kugeuka. "Hapa sioni msitu. Fanyeni upesi."

Mzee Lubunga alizikwa kesho yake katika jeneza la mvule, zito mpaka wabebaji walibadilishana njiani, na Bisimwa alikuwa mmoja wao. Mvua ilinyesha tena na jeneza halikulainika. Tulinabo alitupa udongo wake, akahisi kifua kimefunguka kidogo, akadhani mambo yamekwisha.

Yangekwisha, lau si mbuzi. Mbuzi huyo, ambaye jina la mwenyewe halikupatikana, aliula mche wa Mheshimiwa kabla msafara haujafika darajani. Na haukupita muda wanunuzi wa hewa wakaandika kutoka ng'ambo kwamba wangependa kuona mti uliopandwa na Waziri. Bwana Kisembo alitoka jasho. Mche haukuwepo. Jukwaa, ambalo lilikuwa mali ya wizara, halikuwepo pia. Akiandika limeibwa, ataulizwa mbao alizitoa wapi. Alijifungia ofisini na mti wake wa plastiki, akafikiri, na alipotoka alikuwa amepata. Mvule uliingia ardhini Lisembe. Uliingia katika juma la Siku ya Mti. Watu wengi walishuhudia. Na kitu kilichoingizwa ardhini katika juma la Mti, kwa sheria za Jamhuri, kimepandwa.

Ndivyo kaburi la Mzee Lubunga lilivyozungushiwa waya, likawekwa bango: MVULE WA MHESHIMIWA. HALI: NZURI. USIGUSE.

Tulinabo aliandika malalamiko. Alijibiwa kwa shukrani. Alikwenda mkoani, akaambiwa arudi wilayani, na wilayani Bwana Kisembo alimpa kiti cha plastiki na pole nyingine. Alipong'oa bango, walileta kubwa zaidi. Kila alipotaka kulifagia kaburi la baba yake alilazimika kuomba ufunguo kwa Bisimwa, naye Bisimwa alimfungulia huku ametazama pembeni.

Siku moja alipokuwa ndani ya waya aking'oa magugu, Bwana Kisembo alifika na mpiga picha. Mkononi alikuwa na kopo la kumwagilia maji, jipya, la kijani.

"Mwalimu, Mungu amekuleta," alisema. "Wenzetu wa ng'ambo wanauliza mbona mti hauchipui. Nimewajibu kwamba mvule huanza na mizizi. Lakini wanataka picha ya mwananchi akiutunza. Shika hili, umwagie kidogo tu."

Tulinabo aliinuka. Maneno yalikuwepo mengi, na yote alikwisha kuyasema, kwa huyuhuyu, kwa sauti zote alizokuwa nazo. Alilitazama kopo. Alimtazama mpiga picha, aliyekuwa akihangaika na lenzi na hakuonekana mtu mbaya. Kisha akakaa chini juu ya kaburi, akawapa mgongo, akaweka kiganja kwenye udongo, akatulia.

"Tabasamu kidogo, Mwalimu," alisema Bwana Kisembo nyuma yake. "Mwalimu? Basi, mpige hivyohivyo."

Picha hiyo sasa imetundikwa wizarani, kwenye ukumbi wa kupokelea wageni. Inaonyesha mgongo wa mwanamke aliyeketi chini, na chini yake yameandikwa maneno: Mwananchi akiusikiliza mti ukikua. Wanunuzi wa hewa waliipokea nakala yao, wakaridhika, wakauongeza mkataba.